Chombo Kinapolia

Kwa Kiswahili chombo cha muziki kinalia. Ngoma inalia, zeze linalia, tarumbeta linalia, hata harusini ambako kila mtu anacheka. Nimezaliwa ndani ya lugha hii, na nilifika miaka 24 bila kulitazama neno hilo hata mara moja. Aliyenifanya nilitazame ni Mmarekani aliyekufa miaka minne kabla sijazaliwa, mpuliza saksafoni aitwaye Albert Ayler. Nimeishi naye kwa zaidi ya robo karne sasa. Amenipa mengi. Mengine niliyapokea vibaya, na hayo ndiyo yaliyonikalisha hapa niandike.

Nilizaliwa mwaka 1974 katika kambi ya polisi mjini Kampala. Baba alikuwa Mlugbara wa Arua, mama Msoga wa upande wa Iganga. Baba hakujua Kisoga, mama hakujua Kilugbara, na Kiganda wote wawili walikijua cha sokoni tu. Nyumbani kwetu kukawa Kiswahili, kama ilivyokuwa kwa majirani wetu Waacholi, Wateso, Wakakwa na Wanubi. Nje ya kambi ilikuwa habari nyingine. Ukiongea Kiswahili ndani ya teksi, watu walikuwa wananyamaza. Siwalaumu. Wengi wao walikisikia mara ya kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Lakini mimi ndiyo lugha niliyobembelezwa nayo, na nilikua nikijua kwamba kitu kimoja kinaweza kuwa amri kwa huyu na pumziko kwa yule.

Tuliishi kwenye kibanda cha mabati cha duara, vile ambavyo askari wenyewe wanaviita "mama ingia pole". Baba alikuwa mpulizaji katika bendi ya gwaride. Jioni ya kuamkia sherehe ya uhuru ya tarehe 9 Oktoba, alikuwa akikaa mlangoni na kitambaa na kopo la Brasso, anang'arisha vifungo vya koti, kisha mshipi, mwisho saksafoni yenyewe anaifuta polepole kwa kitambaa kikavu kama anayemfuta mtoto aliyetoka kuoga. Mimi alinipa saksafoni kuukuu ya alto ikiwa na funguo mbili zilizofungwa kwa raba ya tyubu ya baiskeli. Mdogo wangu, niliyemzidi miaka mitatu, alipewa tarumbeta.

Alitufundisha nyimbo za gwaride na nyimbo za kanisani, basi. Na alikuwa na kanuni moja aliyoirudia kila jioni: "Ukisikika, umekosea." Maana yake bendi ni sauti moja. Askari 40 wakipuliza, asitokee hata mmoja ambaye raia aliyesimama kando ya uwanja anaweza kumnyooshea kidole na kusema huyu hapa. Mdogo wangu alikuwa akisikika. Alikuwa na mtetemo mpana mwishoni mwa noti, kama mtu anayekaribia kulia akajizuia. Baba alimrekebisha mpaka akauacha.

Mwaka 1998 nilikuwa napiga katika bendi ya hoteli moja Kampala. Rumba Ijumaa, Jumamosi muziki laini wa watu wanaokula. Wakati huo kila mpuliza saksafoni Uganda alikuwa anapimwa kwa Moses Matovu wa Afrigo, bendi iliyoanzishwa 1975, na kipimo hicho kilikuwa cha haki. Katika bendi yetu alikuwemo mzee mmoja kutoka Bukavu. Alikimbia vita vya mwaka 1996, akavuka na saksafoni ya tenori iliyofungwa kwa kitenge, pamoja na mfuko wa plastiki uliojaa kaseti. Tulimwita Yaya. Kwa Kiswahili cha kwao yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto, na alitaka tuliite jina hilo kwa heshima yake.

Usiku mmoja baada ya kazi aliniambia, "Mdogo, chukua hii. Usiniambie kitu mpaka umeisikiliza mara tatu."

Mara ya kwanza nilidhani redio imekula utepe. Niliifungua, nikazungusha kaseti kwa kalamu, nikaanza tena. Mara ya pili niliudhika. Kulikuwa na wimbo mfupi, mwepesi, wa kuimbwa na watoto wakirudi kutoka kisimani, kisha mtu yule akaupasua: sauti ikapanda mpaka ikawa ukelele, ikashuka ikawa mngurumo, besi na ngoma chini yake hazikuhesabu chochote nilichofundishwa kuhesabu. Mara ya tatu mdogo wangu alikuwa ameketi pale kitandani akivua viatu. Akasimamisha mkono hewani. Akasema, "Kaka, huyu mtu ni wa kambini. Hilo ni gwaride."

Alikuwa amesikia sawasawa. Miaka michache baadaye, nilipoanza kwenda kwenye chumba cha intaneti Wandegeya na kulipia kwa dakika, nilikuta kwamba Ayler aliingia jeshi la Marekani mwaka 1958, akatumikia kama mwanabendi, akapelekwa Ufaransa, kambi ya Orléans, akatoka 1961. Nyimbo za gwaride, milio ya tarumbeta ya kuamshia askari, hata vipande vinavyofanana na wimbo wa taifa wa Ufaransa, vyote vimo katika muziki wake. Alivibeba akatoka navyo langoni, akavifanya vilie.

Maisha yake nitayasema kwa kifupi, kwa sababu yalikuwa mafupi. Alizaliwa Cleveland, Ohio, tarehe 13 Julai 1936. Baba yake, Edward, alipiga saksafoni na fidla, akamfundisha mwanawe mwenyewe, na wakawa wanapiga pamoja kanisani. Nilipolisoma hilo nilifunga macho pale kwenye kiti cha kukodi. Akiwa kijana wa miaka 16 hivi alizunguka na mpiga harmonika wa bluzi, Little Walter, kwa misimu ya kiangazi. Baada ya jeshi hakupata wa kumwelewa kwao, akaenda Sweden mwaka 1962, akarekodi kwa mara ya kwanza Stockholm mwezi Oktoba, na Januari iliyofuata akarekodi Copenhagen. Kisha New York. Tarehe 10 Julai 1964, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 28, aliingia studio ndogo na Gary Peacock kwenye besi na Sunny Murray kwenye ngoma. Wakatoka na santuri ya nusu saa hivi, Spiritual Unity. Hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye kaseti ya Yaya.

Kampuni iliyoitoa, ESP-Disk, ilianzishwa na mwanasheria Bernard Stollman, na santuri yake ya kwanza kabisa ilikuwa ya Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili isiwe ya kabila lolote. Mimi mtoto wa baba Mlugbara na mama Msoga niliyelelewa kwa Kiswahili, unaweza kufikiri jambo hilo lilinigusa wapi.

Yaya alinifundisha jinsi sauti ile inavyopatikana, maana si kelele za kubahatisha kama watu wanavyodhani. Unaziba matundu yote kama unayetaka noti ya chini kabisa. Unapuliza. Halafu, bila kuinua kidole hata kimoja, unabadilisha koo na sehemu ya nyuma ya ulimi, kama unayetoka kwenye "o" kwenda kwenye "i". Sauti inaruka oktavu. Ukikaza zaidi inakwenda kwenye noti ya tano juu ya hapo, kisha oktavu ya pili, na kuendelea. Bomba ni lile lile, vidole ni vile vile, kinachobadilika ni mwili wako. Mimi ilinichukua miezi minne kuifikia ya tatu bila kukwama. Ridi, kile kipande chembamba kinachotetemeka mdomoni mwa saksafoni, zilikuwa adimu. Moja niliitumia miezi mitano, ikilegea naikata ncha kwa wembe, ikiwa ngumu naikwangua, napima kwenye mwanga wa dirisha. Ayler alitumia ridi ya plastiki, ngumu kiasi ambacho wengi wasingeweza kuitetemesha, na sauti yake ilikuwa pana kama mlango wa kanisa. Alikuwa akisema kwamba suala si noti tena. Nilimwelewa pale niliponyanyua vidole nikakuta noti zimebaki nyuma na pumzi yangu imeendelea.

Tulifanyia mazoezi Port Bell, kando ya ziwa, kwa sababu kambini tusingeweza. Jumatatu usiku, siku ambayo hoteli haikuwa na muziki. Mimi, Yaya, mdogo wangu na tarumbeta lake. Wavuvi walituvumilia. Mmoja alikuja mara moja akauliza ni nani amefiwa. Yaya akamjibu, "Wote, ndugu yangu, karibu ukae." Akakaa.

Na mdogo wangu akaanza kusikika tena. Mtetemo ule ambao baba aliufuta ulirudi mara kumi. Nakumbuka nikitetemeka mwili kwa furaha. Nilimwambia kwamba huu ndio muziki, kwamba kupiga kwenye harusi na kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya bwana arusi kutambulishwa kwa wakwe, ni kuuza roho, kwamba aache. Alikuwa na kazi nyingi za kwanjula wakati ule. Upande wa bwana arusi wanapoingia na vikapu vyao, mtu wa tarumbeta anahitajika, na wanalipa vizuri kuliko hoteli. Aliacha. Alikuwa ananisikiliza kwa kila jambo, na mimi nilijua kwamba ananisikiliza.

Baba alifariki mwaka 2003. Bendi yake ilimpigia kwa heshima zote, sauti moja, hakuna aliyesikika, kama alivyotaka. Tulipofika Arua kwa maziko nikaomba nami nipulize. Nilikuwa nimesoma kuhusu tarehe 21 Julai 1967, mpuliza saksafoni mashuhuri John Coltrane alipoagwa katika kanisa la Kilutheri la St. Peter's jijini New York. Coltrane mwenyewe alikuwa ameomba kabla hajafa kwamba Ayler na mpuliza saksafoni mwingine, Ornette Coleman, wapige. Inasimuliwa kwamba katikati ya kupiga Ayler aliiondoa saksafoni mdomoni mara mbili akapaza sauti yake tupu, mara moja kwa uchungu na mara moja kwa furaha. Nilifikiri nitaanza na wimbo wa kanisani ambao baba alitufundisha, niupige ulivyo. Niliupiga ulivyo beti moja. La pili likanishinda. Saksafoni ikapanda yenyewe, koo likafunguka, na mdogo wangu ambaye hatukupanga chochote naye akaingia na tarumbeta juu yangu. Tulilia. Sina neno lingine. Mchungaji aliangalia chini. Wazee wawili waliondoka.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, alinijia jioni. Nilijiandaa kukaripiwa. Akasema, "Baba yako alipokuwa mtoto, agwara zililia hivyo. Nani aliwaambia?" Agwara ni pembe ndefu za mbao za Walugbara. Zinapulizwa kwa kundi, kila mtu na pembe yake yenye sauti yake, wimbo unatokea katikati yao. Baba hakuwahi kututajia hata siku moja. Miaka yote aliyotukataza kusikika, alikuwa na hizo ndani yake.

Ningependa kuishia hapo. Ningekuwa na hadithi nzuri.

Baada ya mazishi mdogo wangu aliacha kulala. Alikuwa anapuliza mpaka alfajiri kwenye chumba tulichopanga Namuwongo, majirani wanagonga ukuta. Aliandika kwenye madaftari kurasa na kurasa za alama ambazo si noti. Aliniambia kwamba baba anamwelekeza kutoka kwenye redio iliyozimwa. Aliacha kula chakula alichopika mtu mwingine. Na mimi, kaka mtu, niliyaona yote hayo nikafurahi. Nilidhani ni kipaji kinafunguka. Ayler naye alizungumza habari za maono, za roho, za vitu alivyoviona angani, na watu walimwita nabii. Nilikuwa nimesoma sana kuhusu watu wa namna hiyo na sikuwa nimemtazama mtu aliyelala kitanda cha pili. Nilirekodi anachopiga kwenye kaseti. Bado ninazo. Ukizisikiliza leo unamsikia mtu anayeomba msaada kwa saa nzima, na katikati unaisikia sauti yangu ikisema, "Endelea, endelea."

Mama ndiye aliyekuja kutoka Iganga akamwangalia dakika tano akasema, "Mwanangu anaumwa." Sisi watu wa muziki hatukuona. Walioniona mimi kama mkubwa wake waliniambia ni mapepo, tukampeleka kwenye maombi, na huko tulipoteza miezi mitano ambayo sitairudisha. Kisha hospitali. Daktari wa kike, mpole, alimuuliza maswali yale yale ambayo mimi ningeweza kumuuliza kila asubuhi kama ningekuwa na akili ya kuuliza: unalala saa ngapi, unasikia nini, unaogopa nini. Dawa zilimrudisha kwetu. Zilimletea pia kinywa kikavu na mikono inayotetemeka, na mpuliza tarumbeta ambaye midomo yake imekauka na vidole havimtii anajua kilichomtokea bila kuambiwa.

Ni katika kipindi hicho nilipoisoma habari ya Donald. Nilikuwa najua kwamba Ayler alikuwa na ndugu. Nilikuwa nimemsikia kwenye santuri za 1965 na kuendelea, tarumbeta kali, lililonyooka. Nisichokuwa nimekisoma ni kwamba Donald, aliyezaliwa 1942, alianza na saksafoni ya alto, na kaka yake ndiye aliyemshauri achukue tarumbeta ili wapige pamoja. Alijifunza kwa haraka, akapelekwa jukwaani, akapelekwa Ulaya. Kufikia mwaka 1967 akili yake ilikuwa imevunjika. Mwaka uliofuata Albert alitengeneza santuri bila yeye, na Donald akarudi kwa wazazi wao Cleveland. Aliishi mpaka mwaka 2007. Albert hakuishi. Mwezi Novemba 1970 alitoweka, na tarehe 25 mwili wake ukakutwa katika mto wa East River, Brooklyn. Alikuwa na miaka 34. Watu wamesimulia mengi juu ya usiku wake wa mwisho na mimi sitaongeza langu. Waliokuwa karibu naye walieleza kwamba hali ya mdogo wake ilimlemea sana. Hilo sihitaji ushahidi wa mtu kulielewa.

Kuna watu, na wengine ni marafiki zangu, wanaopenda kusema kwamba muziki wa namna hii lazima utoke kwa mtu aliyepasuka. Wananiudhi kuliko wale waliotufukuza majukwaani. Msikilize Ayler mwenyewe jukwaani Saint-Paul-de-Vence, kusini mwa Ufaransa, mwezi Julai 1970, miezi minne kabla ya mauti. Watu wanampigia makofi mpaka anarudi na kurudi. Anapiga nyimbo zake nyepesi kwa upole, kwa sauti iliyojaa, na anajua kila anachokifanya. Ni fundi aliyefundishwa na baba yake, aliyefanya mazoezi tangu utoto, akapita bendi ya jeshi. Ugonjwa haukumpa hata noti moja. Mdogo wangu alikuwa na ule mtetemo wake akiwa na miaka tisa, mzima wa afya, mlangoni mwa kibanda cha mabati.

Kuna santuri ya Ayler ya mwaka 1968 ambayo niliichukia zamani. Aliimba, akaweka midundo ya kuchezea, wahakiki wakasema ameuza roho ili apate pesa. Nilisema nao. Nilirudia maneno yale yale niliyomwambia mdogo wangu kuhusu kwanjula. Leo naisikiliza nikifikiria nyumba ya Cleveland, wazazi wanaozeeka, mgonjwa chumbani. Mwaka 2005 mimi mwenyewe nilirudi kwenye kwanjula. Nilinunua suti, nikajifunza nyimbo 60 za mahaba kwa mwezi mmoja, na kila Jumamosi nilisimama kwenye mahema ya watu nikipiga nilichoombwa. Dawa zilinunuliwa. Ilinipasa niseme pia kwamba nilijifunza kitu pale: bibi mmoja Mpigi alilia niliposhusha pumzi mwishoni mwa wimbo ambao nilikuwa nimeudharau kwa miaka kumi. Ile ilikuwa pumzi ya Port Bell. Haikunikimbia kwa sababu nimevaa suti.

Yaya alirudi Bukavu, akafia huko. Kaseti aliniachia.

Mdogo wangu anaishi na mama kijijini, karibu na Iganga. Analima, anafuga kuku, anameza dawa zake saa mbili usiku na kengele ya simu inamkumbusha. Kwa miaka mingi hakutaka kuliona tarumbeta, na mimi sikumlazimisha. Hilo angalau nilikuwa nimeshajifunza. Kisha vijana wa kijiji cha jirani wakaanza kufufua bigwala.

Bigwala ni matarumbeta ya vibuyu ya Wasoga. Yanatengenezwa kwa vibuyu virefu vilivyokaushwa, vikakatwa, vikaunganishwa mpaka vikawa bomba. Kundi lina matano au zaidi, makubwa kwa madogo, na kila moja lina sauti yake. Yalikuwa muziki wa ufalme, yakilia mfalme anapotawazwa na anapozikwa. Falme zilipofutwa mwaka 1967 hayakuwa na mahali pa kulia. Zilipokuja kurudishwa miaka ya 1990 waliokuwa wakijua walikuwa wameshazeeka. Mwaka 2012 UNESCO iliuweka muziki huu kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na wakati huo mafundi wazee waliobaki walikuwa wanne tu. Vibuyu vyenyewe vilikuwa vimeadimika, ikabidi mbegu zitafutwe na zipandwe. Mdogo wangu alianzia hapo, kwenye shamba. Alipanda vibuyu kwa ajili ya vijana wale, akavilinda dhidi ya mbuzi, akavikausha juu ya jiko la mama. Siku ya kuvikata walimwomba ajaribu kimoja.

Kwenye bigwala huhitaji vidole. Huhitaji midomo ya mtu anayepiga oktavu tatu. Una noti moja, na kazi yako ni kujua lini. Kibuyu kimoja kinaanza, cha pili kinaingia kwenye nafasi kilichoiacha, cha tatu, cha nne, na wimbo ambao hakuna hata mmoja wenu anayeupiga unazunguka juu ya vichwa vyenu. Kisha waimbaji, ngoma, na watu wanaanza kwenda duara wakitikisa viuno taratibu. Ni jambo lile lile la agwara za baba. Nyumba yetu ilikuwa na pembe za namna moja pande zote mbili, kwa baba na kwa mama, na tulikaa katikati tukifundishwa gwaride.

Desemba iliyopita nilikwenda. Mtu mmoja wa kundi alikuwa amesafiri, nikapewa kibuyu chake, cha pili kwa ukubwa. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili wa duara, nywele zake zimeanza mvi. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba. Mzee anayeongoza alianza, wakafuata wawili, nikaingia mimi, akaingia yeye.

Zamu yake ilipofika mara ya saba au ya nane hakuiachia noti. Aliishikilia. Ikapanuka, ikaanza kutetemeka mwishoni, mtetemo ule ule, mpana, wa mlangoni mwa mama ingia pole. Nilisikia tumbo langu likikaza, nikamtazama yule mzee kuona kama atamkaripia. Mzee alikuwa amefumba macho. Wengine walimsubiri. Ngoma zilimsubiri, zikizungukazunguka pale pale bila kusonga mbele, mpaka pumzi yake ilipoisha na kibuyu kingine kikapokea.

Tulipomaliza alikuja, akafuta mdomo wa kibuyu chake kwa pindo la shati, akachukua na changu akakifuta.

"Kaka," aliniambia, "ulikuwa unachelewa kuingia. Kesho ukae karibu yangu, nitakuonyesha."